KUUPANDISHA MPASHENI KWENYE WAYA

Miti ya matunda iliyo mingi humngojesha mkulima. Mwembe ulioota kwa mbegu huweza kukaa miaka mitano na zaidi kabla ya kumwonyesha mwenyewe tunda la kwanza, na mchungwa wa mbegu hauko mbali na hapo. Mpasheni sivyo ulivyo. Mche uliotiwa ardhini mvua za masika zinapoanza, ukipata samadi na uangalizi, hutoa maua baada ya miezi sita hadi tisa, na tunda huiva siku 60 hadi 80 tangu ua lilipochavuliwa. Ndiyo maana wanachama wengi wasio na ardhi ila ile ya nyuma ya nyumba wameuchagua mmea huu uwasaidie katika mahitaji ambayo kahawa, kwa kuwa fedha zake huja mara moja au mbili kwa mwaka, haiwezi kuyangojea.

Lakini haraka hiyohiyo ndiyo inayowaponza. Mmea ukuao kwa kasi hauna subira na mkulima aendaye polepole. Katibu apitaye mashambani hukuta jambo moja likijirudia: shamba la mwaka wa kwanza lapendeza, na shamba lilelile katika mwaka wa pili limegeuka kichaka. Waya umelegea hadi kiunoni, nguzo za mwisho zimeinamia ndani, majani yamefungana hata jua haliingii, na matunda ni haba, tena yana madoa. Mwenye shamba hulaumu mbegu, au udongo, au mvua. Aghalabu hivyo vyote havina hatia. Kosa lilifanyika katika namna mmea ulivyopandishwa, na zaidi katika namna ulivyoachwa baada ya kupandishwa.

TABIA ZA MMEA WENYEWE

Mpasheni asili yake ni Amerika ya Kusini, katika nchi za Brazili, Paraguay na kaskazini mwa Argentina. Jina lake huwashangaza baadhi ya watu. Wamisionari wa Kihispania waliouona huko katika karne za 16 na 17 waliona katika ua lake mfano wa mateso ya Yesu: nyuzi zilizozunguka ua wakazifananisha na taji ya miiba, vifuko vitano vya chavua na majeraha matano, na ncha tatu za kike na misumari mitatu. Mateso hayo kwa Kilatini huitwa “passio”, na ndiko lilikotoka neno pasheni. Wanaodhani kwamba jina linatokana na mapenzi wamekosea.

Ziko namna mbili zilizoenea katika Afrika Mashariki. Ya kwanza ni pasheni ya zambarau, ambayo hupenda nyanda za juu zenye baridi kiasi, baina ya mita 1,200 na 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ya pili ni pasheni ya manjano, ambayo tunda lake ni kubwa zaidi na lenye ukali zaidi, nayo hustawi katika nchi za chini na za pwani. Wanunuzi wa matunda mabichi hupendelea ile ya zambarau kwa utamu na harufu yake. Ya manjano, hata hivyo, ina sifa moja isiyoonekana sokoni: mizizi yake huuhimili mnyauko fuzari, ugonjwa unaokaa udongoni na kuiua ile ya zambarau. Kwa hiyo miche bora kwa nyanda za juu ni ile iliyobebeshwa, chini ikiwa na shina la manjano na juu zambarau.

Sasa, mimea itambaayo haipandi kwa njia moja. Maharage marefu hujizungusha kwa shina lake lote, na kijiti kimoja huyatosha. Pilipili manga hutoa vijizizi ubavuni mwa shina na kugandamana na mti, hata mti ukiwa mnene. Mpasheni haufanyi hili wala lile. Wenyewe hushika kwa vikono, yaani vile vijiuzi vyembamba vinavyotoka penye jani na kujikunja mfano wa springi. Kikono kikigusa kitu chembamba kama waya, uzi au kijitawi, hukizunguka na kukaza. Kikigusa nguzo nene iliyo laini, hakina la kufanya. Mkulima asimamishaye nguzo na kutazamia mmea uipande peke yake atauona mpasheni wake ukitambaa chini kutafuta magugu ya kushika, na mmea uliolala chini siku za mvua umekwisha kujiandikia ugonjwa.

Tabia nyingine ndiyo kubwa kuliko zote, na asiyeielewa hawezi kuelewa sababu ya kazi inayoelezwa katika kurasa hizi. Mpasheni hutoa ua katika chipukizi jipya tu. Kila ua hutoka penye kikwapa cha jani, katika sehemu ya tawi iliyokua msimu huohuo. Tawi lililokwisha kuzaa halizai tena mahali palepale. Kazi yake inayobaki ni kupitisha maji na chakula kwenda mbele. Basi mmea usiokatwa huyapeleka machipukizi yake mapya mbali zaidi kila msimu, juu ya kichaka au nje yake, na ndani hubaki kamba kavu na majani yaliyooza. Hivyo waya hautundikwi ili kuuweka mmea juu kama vile mtu awekavyo mzigo darini. Hutundikwa ili kila chipukizi jipya lipate mwanga na hewa, na ili mkono wenye kisu ulifikie.

FUNZO LA MASHAMBA MAKUBWA

Upandaji wa pasheni kwa biashara ulianza Kenya mwaka 1933, ukapanuliwa mwaka 1960, wakati zao hilo lilipoingizwa Uganda pia kwa nia hiyohiyo. Katika nchi zote mbili mashamba makubwa yaliangamizwa zaidi ya mara moja na magonjwa na wadudu, kwa kuwa mimea ilipangwa bega kwa bega katika eneo pana na ugonjwa ulipita bila kizuizi. Hatimaye mashamba makubwa yaliachwa, na zao likahamia katika vishamba vidogo vilivyotengana, ambavyo ulinzi wake ulikuwa rahisi zaidi.

Habari hii ina maana kwa wanachama. Udogo wa kishamba cha nyuma ya nyumba, ambao katika mazao mengine ni udhaifu, kwa mpasheni ni kinga. Hata hivyo kinga hiyo hupotea pale ambapo majirani 20 wanapanda mfululizo, mipaka ikagusana, na wote wakapogoa kwa mkasi mmoja wa kuazimana. Hapo shamba kubwa limerudi kwa mlango wa nyuma, ingawa hati za ardhi ni 20.

NGUZO NA WAYA

Ikichukuliwa kwamba mwanachama ana kishamba cha mita 30 kwa 30, eneo lisilofika robo eka kamili, basi hesabu yake ni hii. Mistari huachana mita 3, naye atapata mistari 10. Katika mstari miche huachana mita 2, hivyo kila mstari huchukua miche 15, na kishamba chote miche 150. Nguzo husimama kila baada ya mita 6, yaani 6 kwa mstari na 60 kwa jumla. Waya ni mita 300. Waya wa geji 14 uliopakwa zinki huwa na uzito wa karibu kilo 25 kwa kila mita 1,000. Kwa hiyo rola moja ya kilo 25 huwatosha wanachama watatu wenye vishamba vya ukubwa huo, na hubaki mita zipatazo 100 za mafundo na za kushikilia nguzo za mwisho. Mwanachama aendaye dukani peke yake hununua waya kwa mita na kwa bei ya rejareja. Makatibu wanaoweza kuandikisha mahitaji ya wanachama mapema na kuagiza rola nzimanzima watakuwa wamewafaa watu wao kabla hata mche mmoja haujapandwa.

Nguzo iwe na urefu wa mita 2.4, na sentimita 60 zifukiwe. Waya hukaa juu ya ncha ya nguzo, mita 1.8 kutoka ardhini. Kipimo hicho hakikuchaguliwa kwa pendeleo: waya ukiwa juu zaidi, mtu wa kimo cha kawaida hataweza kupogoa bila kupanda juu ya kigoda, na kazi inayohitaji kigoda huahirishwa. Ukiwa chini zaidi, matawi yaning'iniayo hugusa udongo upesi. Wako wanaofunga waya wa pili katikati ya nguzo kwa kudhani kwamba wanaongeza nafasi ya kuzaa. Waya huo huzuia matawi kuning'inia, huyafungamanisha, na huziba hewa palepale inapohitajiwa. Waya mmoja unatosha.

Nguzo hazioz​i juu, wala haziozi sana chini kabisa, bali huoza pale zinapoingia ardhini, kwa sababu hapo unyevu na hewa hukutana mwaka mzima. Mtarakwa hudumu wenyewe. Mkaratusi na muwati sharti zitiwe dawa, au angalau sehemu ya chini ichomwe juujuu hadi iwe nyeusi, kisha ipakwe lami kupita usawa wa ardhi kwa sentimita 20. Mpasheni huishi shambani miaka mitatu au minne. Nguzo inayooza mwaka wa pili huanguka wakati mmea una mzigo mkubwa kuliko wote, na mmea ulioanguka na matunda yake hauinuliwi tena bila kuvunjika.

Yafaa kukaa kidogo juu ya suala la kukaza waya, maana hapa wanachama hodari ndio hukosea. Mtu apendaye kazi nadhifu hukaza waya hadi ulie kama uzi wa zeze. Huo ni uzuri wa macho. Waya ulionyooka kabisa hauwezi kubeba kitu kinachovuta kwenda chini bila kuvutwa kwa nguvu nyingi mno kwenye ncha zake. Ichukuliwe kwamba baina ya nguzo mbili zilizoachana mita 6 kuna majani na matunda ya kilo 30. Waya ukibonyea sentimita 10 tu katikati, mvuto katika waya utakuwa karibu kilo 225. Ukiachwa ubonyee sentimita 30, mvuto hushuka hadi kilo 75. Mzigo ni uleule. Kilichobadilika ni umbo la waya. Kwa hiyo waya ukazwe kwa kadiri, usilie, na mzigo unapoongezeka mkulima auongezee mti wa panda katikati ya nguzo mbili, badala ya kurudi na koleo kuukaza tena.

Nguzo za kati hazivutwi sana upande, kwa kuwa waya wa kulia na wa kushoto hushindana na kusawazishana. Nguzo ya mwisho haina mwenziwe wa kushindana kwa ajili yake. Mvuto wote wa mstari huishia hapo. Kwa sababu hiyo ndiyo inayoinama, na ndiyo inayostahili kuwa nene kuliko zote, kufukiwa sentimita 80 au zaidi, na kushikiliwa kwa waya uliofungwa kwenye jiwe kubwa lililozikwa nje ya mstari, au kwa mhimili ulioegemezwa kutoka ndani. Katika nguzo 60 za kishamba kilichotajwa, 20 ni za mwisho. Mwanachama mwenye fedha chache atumie nguzo zake bora katika hizo 20, na fito za kawaida katika zile nyingine.

Juu ya nguzo, waya usifungwe ukakazwa penye kila nguzo. Upigiliwe msumari wa seng'enge wenye ncha mbili, usikitwe hadi mwisho, ili waya uweze kuteleza na kugawana uzito.

Mistari huelekezwa kaskazini na kusini, upande mmoja upate jua la asubuhi na wa pili la alasiri. Mahali penye mteremko, kanuni hiyo iachwe na mistari ifuate kontua, maana jua lipo kila siku ilhali udongo ukishachukuliwa na maji haurudi.

KUUONGOZA MCHE HADI JUU

Mche hupandwa katika shimo lililotiwa debe moja la samadi iliyooza, na pale ulipobebeshwa pabaki juu ya ardhi. Hili si jambo dogo. Udongo ukifunika maungio, sehemu ya zambarau huota mizizi yake yenyewe, na kinga iliyonunuliwa kwa bei ya mche wa kubebeshwa hutoweka. Kadhalika kila chipukizi litokalo chini ya maungio liondolewe likiwa changa. Hilo ni la manjano, lina nguvu kuliko ndugu yake wa juu, na mkulima anayelihurumia atavuna matunda asiyoyapanda.

Baada ya majuma machache mche hutoa machipukizi kadhaa. Yachaguliwe mawili yenye nguvu, mengine yakatwe. Kutoka kila mche kamba ya katani ipande hadi kwenye waya, nayo isifungwe katika shina bali katika kijiti kilichokitwa kando yake, kwa sababu shina hunenepa na kamba iliyofungwa shinani hulikaba. Pale ambapo chipukizi hulazimika kufungwa, fundo liwe legevu, kitanzi kimoja kishike chipukizi na cha pili kishike kamba, mfano wa tarakimu 8. Katani ina faida nyingine: huoza yenyewe baada ya mwaka, wakati shina limekwisha kuwa gumu na halihitaji tena msaada. Uzi wa nailoni hauozi, na mashina mengi yamekatwa nao kama jibini.

Kuanzia hapo hadi waya ufikiwe, mkulima apite kila baada ya siku 10 au 14. Kazi yake katika kupita huko ni kuyaelekeza machipukizi mawili kwenye kamba na kuondoa yote yanayotoka ubavuni mwake. Kila chipukizi la ubavu huiba mwendo. Katika majira mazuri ya mvua, mche uliotunzwa hivi hupanda upesi hata mtu huona tofauti ya juma hadi juma, na hapo ndipo wengi hujisahau: mkulima huenda matangani kijiji cha pili, hukaa majuma matatu, na akirudi machipukizi manne ya ubavu yamekwisha kushikana na ya jirani.

Yakishafika kwenye waya, chipukizi moja hulazwa upande wa kulia na lingine upande wa kushoto, kila moja kwa urefu wa mita moja, hadi yakutane na yale ya mche wa jirani. Hapo ncha zake hukatwa. Ncha ikikatwa, macho yaliyolala katika shina huamka, na matawi mengi ya pembeni huanza kuteremka kutoka kwenye waya kama pazia. Pazia hilo ndilo shamba lenyewe. Matunda yote yatatoka humo. Vilivyobaki, yaani mizizi, mashina, waya na nguzo, ni watumishi wake.

Vikono hapa hugeuka kuwa adui. Viliusaidia mmea kupanda, na sasa hulifunga tawi hili na lile mpaka pazia linakuwa kamba moja nene. Mkulima mwangalifu huyatenganisha matawi kwa mkono na kuvikata vikono vinavyoyaunganisha, ili kila tawi lining'inie peke yake na upepo upite. Majani yanayokauka mapema baada ya mvua hayapati kwa urahisi madoa ya kahawia, ugonjwa wa ukungu ambao katika kichaka chenye unyevu huweza kupukutisha majani yote. Hakuna dawa ya kunyunyizia inayoweza kupenya kichaka kilichofungana, hata ikiwa ghali namna gani.

KUPOGOA

Tawi liningíniayo likikaribia ardhi, likatwe sentimita 15 hadi 20 kabla halijaigusa. Hilo hufanywa wakati wote. Upogoaji mkubwa hufanywa mavuno yanapokwisha na mvua inapokaribia: matawi yaliyokwisha kuzaa hukatwa, kila moja likiachiwa macho mawili au matatu karibu na waya, na yaliyokufa huondolewa kabisa. Machipukizi yatakayotoka katika macho hayo ndiyo mavuno ya msimu ujao. Lakini shina kuu na ile mikono miwili iliyolala juu ya waya visiguswe, wala mmea usikatwe wote kwa siku moja hadi ukabaki uchi. Mpasheni si chai. Ukinyang'anywa majani yake yote wakati wa kiangazi huweza kufa, na wanaopogoa kwa hasira baada ya kuacha shamba mwaka mzima hupoteza mimea mingi zaidi kuliko wale waliouacha tu. Kwa shamba lililokwisha kuwa kichaka, njia bora ni kuondoa theluthi moja ya matawi makavu sasa, theluthi nyingine baada ya majuma sita, na kadhalika.

Mkasi na kisu ni vyombo vya kazi, na ni njia ya ugonjwa vilevile. Virusi vinavyolifanya tunda kuwa gumu, dogo na lenye ganda nene lisilo na maji ndani husafirishwa na vidukari, na pia na kisu kilichokata mmea mgonjwa kisha kikaingia katika mzima. Kabla ya kuhamia mmea mwingine, kisu kichovywe katika maji yenye dawa ya klorini ya kufulia. Kama hilo linaonekana kuwa kazi ndefu, basi angalau mimea inayotiliwa shaka iachwe hadi mwisho. Mkasi wa kuazima uchovywe hata kabla ya kupita langoni.

Mimea mingine shambani nayo ichaguliwe kwa hekima. Katika miezi ya kwanza nafasi baina ya mistari huweza kubeba vitunguu au kabichi. Maboga, matango na kunde visiwepo, kwa sababu hukaribisha vidukari na virusi vinavyoweza kuhamia kwenye mpasheni.

NYUKI WEUSI

Jambo hili husahauliwa hata na wataalamu. Katika ua la mpasheni vifuko vya chavua huelekea chini, na ncha za kike ziko juu yake. Chavua ni nzito na ya kunata, upepo hauiwezi. Ni lazima mdudu mkubwa aingie, mgongo wake ujipake chavua na kuipeleka. Nyuki wa asali hufanya kazi hiyo kwa kiasi, lakini fundi hasa ni yule nyuki mkubwa mweusi atobo​aye magogo makavu na boriti za nyumba ili kutaga humo. Watu humwua kwa sababu ya boriti. Mwenye mpasheni ana sababu ya kumwekea gogo kavu moja au mawili pembeni mwa shamba, naye atahamia huko.

Ua la zambarau hufunguka alfajiri na kufunga kabla ya adhuhuri; la manjano hufunguka karibu na adhuhuri na kufunga usiku. Mkulima anayelazimika kunyunyizia dawa ya wadudu afanye hivyo maua yakiwa yamefungwa. Anyunyiziaye saa tatu asubuhi katika shamba la zambarau amewaua wale ambao wangemtengenezea matunda siku hiyo. Kwa pasheni ya manjano liko sharti la ziada, kwamba mmea mmoja kwa kawaida haukubali chavua yake mwenyewe. Asiye na nafasi ila ya mche mmoja wa manjano uani, na jirani zake hawana, huweza kuona maua mengi mwaka mzima na matunda ya kuhesabika kwa vidole.

Yafaa kusema hapa kwamba mpasheni wa manjano ulioachwa upande juu ya mti wa zamani kando ya jiko, kwa matunda ya watoto na ya wageni, si dhambi. Matunda yake huanguka yenyewe yakiiva na hayahitaji kufikiwa. Maelezo haya yanawahusu wale wanaotaka kuuza.

KAZI YA CHAMA

Baadhi ya mambo hayawezi kufanywa na mwanachama mmoja hata akiwa hodari. La kwanza ni miche. Mche wa kubebeshwa na mche wa mbegu hufanana machoni mwa asiyejua, na wako wauzaji wanaotegemea jambo hilo. Chama kikiwa na kitalu chake, au kikinunua kwa pamoja kutoka kitalu kinachojulikana, katibu anaweza kukagua maungio ya kila mche kabla ya kuugawa. Kitalu kikae mbali na mashamba ya pasheni yaliyozeeka.

La pili ni kung'oa, nalo ndilo gumu. Mmea wenye virusi hauponi. Hudumu mwaka mmoja au zaidi ukitoa matunda machache yasiyo na bei, na mwenyewe huona kwamba machache ni afadhali kuliko hakuna. Kwa upande wake hesabu hiyo ni sahihi. Kwa upande wa majirani, kila siku mmea huo unayosimama ni siku ya vidukari kujichukulia ugonjwa na kuupeleka ng'ambo ya ua. Halmashauri haina nguvu za kumlazimisha mtu aharibu mali yake mwenyewe, lakini mkutano mkuu unaweza kukubaliana mapema, kabla mtu yeyote hajaathirika, kwamba atakayeng'oa mmea mgonjwa na kuuchoma atapewa mche mwingine kutoka kitaluni bila malipo. Gharama ya miche michache ni ndogo kuliko gharama ya kubishana mlangoni mwa mtu ambaye mimea yake tayari imeanza kukunja majani.

La tatu ni siku ya kupima. Pasheni ya zambarau ikikaa siku kadhaa katika hewa kavu hukunjamana. Ndani bado ni nzuri, na wengine husema ni tamu zaidi, lakini maji yaliyopotea yalikuwa uzito, na mnunuzi hulipa kwa kilo. Matunda yaokotwe au yachumwe kila siku au kila siku ya pili, yawekwe kivulini, na siku za chama za kupokea zisipungue mbili kwa juma. Mnunuzi wa matunda mabichi hutaka yachumwe na kikonyo yakiwa yamegeuka rangi. Wa maji ya matunda hupokea yaliyoanguka. Katibu na aulize kabla ya msimu, aandike, na abandike tangazo penye mizani.

Baada ya miaka mitatu au minne mashina hunenepa, mavuno hupungua, na kung'oa huja hata bila ugonjwa. Pale ambapo mnyauko umeonekana, ardhi hiyo isipandwe tena mpasheni wa zambarau usiobebeshwa, kwa sababu ukungu wake hukaa udongoni miaka mingi. Ipewe mahindi au majani ya ng'ombe. Waya wenye zinki huwa bado mzima, nao ukunjwe katika duara pana ili usivunjike, utundikwe mahali pakavu. Nguzo zing'olewe pia. Ile iliyooza usawa wa ardhi hukatwa hapo, na kipande cha juu, ambacho sasa ni kifupi mno kwa mpasheni, hufaa kwa nyanya.